Ukuta Ukiwa Kushoto

Habari za kifo cha mama yangu zilinifikia China kwa simu, katika ofisi ya chuo, nikiwa nimesimama kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunipa kiti. Kaka yangu alipiga kutoka posta ya Garissa. Sauti yake ilinijia kwa vipande, na nyuma ya kila kipande nilisikia mwangwi wa sauti yangu mwenyewe, hata nikajisikia nikiuliza "lini?" mara ya pili kabla hajanijibu ya kwanza. Mama alikuwa amefariki asubuhi na kuzikwa kabla ya alasiri, kama ilivyo kwetu. Kaka akaanza kuniambia jambo jingine. "Na wewe huko uliko," alisema, na laini ikakatika. Karani akaurudisha mkono wa simu mahali pake, akaniuliza kama mazungumzo yamekwisha. Nikamwambia yamekwisha.

Nilijua alichotaka kusema. Wasomali wakimwendea mfiwa humwambia *samir iyo iimaan*, yaani Mungu akupe subira na imani, na mfiwa huitikia amina. Ni maneno machache na kila mtu anayo. Mama yangu alipompoteza mume wake, baba yetu, nilimwona akikaa juu ya mkeka ukutani huku watu wakiingia na kutoka: majirani, wafanyabiashara wa mbuzi, jamaa waliosafiri kutoka Sangailu, hata mwanamke mmoja wa sokoni ambaye walikuwa hawasemezani. Kila mmoja alisema maneno yaleyale, na mama aliitikia kila mmoja. Mtoto mdogo niliyekuwa, niliuona utaratibu huo kuwa wa kuchosha. Baadaye nilitambua kazi yake. Kinywa kinachoitikia siku nzima huzoea jambo ambalo moyo bado umelikataa.

Sasa zamu ilikuwa yangu, na sikuwa na mtu wa kumwitikia. Tulikuwa kundi dogo la maofisa wa mifugo kutoka nchi mbalimbali, tuliopelekwa kujifunza utunzaji wa malisho ya nyanda kavu, na katika kundi lile hapakuwa na Mwislamu mwingine. Sikumwambia yeyote. Haikuwa kiburi. Niliona tu kwamba nikilitamka jambo lile mbele ya mtu asiyejua la kunijibu, litabaki hewani baina yetu, nami ndiye nitakayelazimika kumfariji.

Kesho yake tulianza safari ya masomo ya kwenda Tibet, iliyokuwa imepangwa tangu mwanzo wa muhula. Tungepumzika kwanza Shigatse, mji wa kale uliokua kuzunguka monasteri kubwa, kisha tungetembelea wafugaji. Katika maelezo yake mwalimu wetu alitaja kwa kupita kwamba mji ule una familia chache za Waislamu na msikiti mdogo. Wenzangu waliandika mwaka monasteri ilipojengwa. Mimi nilishika habari ya msikiti, nikakaa nayo njia nzima. Nilichokitaka kilikuwa kimoja: mtu aniambie maneno ya msiba, nami niitikie.

Siku ya mwisho njiani, basi lilipanda kutwa. Hewa ilipungua kadiri tulivyopanda, na kichwa kikaanza kunigonga nyuma ya macho. Kando yangu aliketi ofisa kutoka Shinyanga, mtu mnene mcheshi, ambaye ndiye peke yake niliyezungumza naye Kiswahili kwa mwaka mzima.

"Dada, kichwa?"

"Kichwa."

"Pole. Mimi naona nyota mchana. Huku Mungu yuko karibu mno, anatubana pumzi."

Niligeukia dirishani. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, alichojifunza kwa kuwauzia maziwa ya ngamia na samli watu wa bara waliokuja kufanya kazi Garissa, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa hilo la pole. *Bole*, alikuwa akisema, kwa ulimi wetu. Mteja akijikwaa, bole. Akikuta maziwa yamekwisha, bole. Akilalamikia jua, ambalo mama hakuwa na mamlaka nalo, bole pia. Mtu wa Shinyanga alikuwa akinipa pole ya kichwa, hakujua kwamba nilikuwa nikimsikia mwingine.

Shigatse ilijitokeza jioni, katika bonde pana la shayiri mbichi. Nyumba zilikuwa nyeupe, madirisha yamepakwa rangi nyeusi pembeni, na kwenye kuta za nyua walikuwa wamebandika mavi ya ng'ombe kwa viganja ili yakauke yawe kuni. Alama za vidole zilionekana wazi katika kila kipande. Juu ya mji kulikuwa na mlima mkavu usio na mti hata mmoja, ambao ungeweza kuuokota na kuuweka karibu na Mandera na mtu asiulize umetoka wapi. Chini ya mlima huo ilikaa monasteri: kuta nyekundu zilizopandana kama ngazi, paa za dhahabu, na ukuta mrefu ulioizunguka yote.

Asubuhi tulipelekwa kuitazama. Vichochoro vya ndani vilikuwa vya mawe yaliyolainishwa na nyayo, na watawa vijana wenye mashuka ya rangi ya damu ya mzee walipita wakichekeana. Mahujaji walikuwa wengi kutuzidi. Walitoka mbali, wengine wakiwa na vumbi la njia kwenye nyusi, na karibu kila mmoja alibeba chupa ya chai. Nilidhani ni chai kweli. Kumbe ndani yake mlikuwa na siagi iliyoyeyushwa, na kazi yao ilikuwa kwenda taa hadi taa, kijiko kwa kijiko, wakiiongeza siagi ile ili miali isizimike.

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Mlango wa jumba kubwa ulikuwa wazi, na kutoka gizani ilitoka harufu ya siagi ya zamani, moshi na ngozi, harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu nilipoondoka nyumbani. Mama alipika samli nyuma ya nyumba, katika sufuria iliyokuwa nyeusi nje na ndani, akaihifadhi katika vyombo alivyovifukiza moshi wa miti aliyoichagua mwenyewe. Nguo zake zote zilinuka hivyo. Darasani, wakati wa utoto, wasichana wa bara walikuwa wakiziba pua kwa sababu hata daftari zangu zilinuka hivyo.

"Huingii?" mtu wa Shinyanga aliniuliza. "Sanamu iliyomo ndani inafika darini. Twende, hawatakubatiza."

"Nitawangoja hapa nje."

"Ukibadili nia, fuata harufu ya miguu yangu. Wametuvua viatu."

Wakaingia. Mimi sikuwa na raha ya kusimama mbele ya sanamu, siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na harufu ile sikuweza kuivumilia tena. Nikatoka hadi lango kuu, nikasimama barabarani nikiwatazama watu. Ndipo nilipoona kwamba wazee wa mji walikuwa wakiuzunguka ukuta. Walitembea mmoja mmoja na wawiliwawili, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani, na njia yao ilipanda mlimani nyuma ya monasteri na kupotea. Hawakuwa na haraka wala hawakuonekana wenye huzuni. Nami nilichoka kusimama. Nikaanza kutembea.

Sikuamua upande. Miguu yangu iliamua, nayo ilifundishwa Garissa, uani kwetu.

Mwaka ambao mama alijaliwa kwenda Hija pamoja na kaka yake, wanawake wa mtaa waliokuwa wakisafiri nao walifanya mazoezi ya kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, nyumbani kwetu. Walihitaji kitu cha kuzunguka. Chini ya mwarobaini palikuwa na pipa la chuma tulilotilia maji yaliyoletwa na mikokoteni ya punda, na hilo likawa Nyumba. Niliwatazama nikiwa mlangoni, mwanachuo aliyerudi likizo, wakilizunguka kwa mabuibui yao huku wakipigana vikumbo na kucheka. Mmoja alikuwa akigeukia upande usiofaa kila mara.

"Kushoto, dada yangu, kushoto," mama alimwambia. "Kwani moyo wako uko wapi?"

"Wangu uko kwa mbuzi wangu. Nani atawanywesha?"

"Basi usahau mbuzi, usahau na mume, lakini hili usilisahau. Nyumba ikae upande wa moyo."

Walizunguka jioni nyingi hata ardhi ikafanya njia. Baada ya mama kurudi, akiwa sasa anaitwa Hajia, njia ile ya duara ilibaki, nasi watoto wake tuliifuata bila kufikiri kila tulipokwenda kuchota maji. Pipa kushoto, daima.

Kwa hiyo niliuweka ukuta wa monasteri kushoto kwangu, nikapanda. Watu wote walikuja wakinielekea. Mwanzoni nilidhani wananishangaa kwa rangi yangu na mtandio wangu, jambo ambalo nilikwisha kulizoea. Walinipisha, wakageuka kunitazama, wengine wakanionyesha kitu kwa mkono. Nyuma ya monasteri njia ilizidi kuwa nyembamba, ukuta upande mmoja na jabali upande wa pili, na kando ya ukuta yalipangwa mapipa madogo ya shaba yaliyochorwa maandishi ya sala, ambayo kila mpita njia huyazungusha kwa mkono. Hapo nilikutana uso kwa uso na bibi mmoja mfupi aliyevaa aproni ya mistari ya rangi nyingi, chupa yake ya siagi mkononi. Nilisogea kumpisha. Hakupita.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza kwa Kichina cha sokoni, kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana.

"Nazunguka."

"Huzunguki. Unarudi nyuma." Nyuma yake watu walianza kusongamana. "Tangu asubuhi nasokota kamba, na wewe unakuja kuifumua."

"Kwetu tunazunguka hivi."

"Kwenu wapi?"

"Afrika."

"Afrika wana monasteri?"

"Hawana. Kuna nyumba moja, iko Arabuni. Mama yangu aliizunguka."

"Ukuta kushoto?"

"Kushoto."

Aliwatafsiria walio nyuma yake. Wakajadiliana kidogo. "Na hakuanguka?" akauliza.

"Hakuanguka."

Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Bibi naye akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Basi mama yako ana miguu migumu. Yuko wapi nimwone?"

Sikuwa nimejiandaa. Katika Kichina changu kidogo hapakuwa na neno la heshima la kusema amefariki, lilikuwepo lile la kitabuni tu, lililo wazi kama jiwe. Nikalitumia. Amekufa, nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa lugha yoyote.

Bibi hakuwatafsiria wenzake hilo. Alinisogeza kando kwenye jabali, wengine wakapita, kila mmoja akizungusha shaba yake.

"Umemwashia taa?"

"Sisi hatuwashi."

"Mnafanya nini?"

"Watu wanakuja nyumbani. Wanatuambia maneno."

"Na hao watu wako wapi?"

Nilitazama chini, kwenye paa za dhahabu na bonde la shayiri. Bibi akautazama mtandio wangu kwa makini, kama anayesoma kibandiko.

"Wewe ni wa wale wachinjaji," akasema. "Nina mtu wangu wa nyama, ni wenu. Nitakupeleka. Lakini kwanza geuka. Sitakwenda kinyume hata kwa ajili ya marehemu."

Alinishika kiwiko akanigeuza, kama mama anavyomgeuza mtoto aliyevaa shati mbele nyuma, na tukaenda pamoja, ukuta ukiwa kuliani. Yeye aliyazungusha mapipa kwa mkono mmoja. Mimi nilificha mikono yangu ndani ya mtandio.

"Hushiki?"

"Sishiki."

"Shauri yako. Nitazungusha kwa nguvu zaidi."

Njia ilituchukua juu ya mgongo wa mlima hadi kwenye magofu ya ngome ya kale, kisha ikashuka sokoni. Mtu wake wa nyama alikuwa na kibanda kando ya soko, nusu ya ng'ombe wa manyoya marefu ikining'inia mlangoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia nyeupe kichwani, kisu mkononi. Nilimsalimu: *assalamu alaykum*. Alinitazama, akamtazama bibi, akanitazama tena, kisha akaitikia polepole, neno kwa neno, kama anayehesabu chenji aliyopewa na mgeni.

Nilimuuliza habari za msikiti. Umefungwa, alisema. Imamu amekwenda Lhasa, utafunguliwa Ijumaa. Kabla ya Ijumaa sisi tungekuwa tumeondoka. Pengine ningegeuka hapo na kwenda zangu, lakini bibi alimwambia jambo kwa lugha yao, akinionyesha kwa kidevu.

Mchinjaji akaweka kisu. Alichukua birika lililokuwa pembeni ya jiko, akainama juu ya mfereji, akanawa mikono, kidole kwa kidole, hadi damu yote ikatoka, akaifuta kwa kitambaa safi. Mimi nilisimama nikimtazama, na nilielewa ananawa kwa ajili ya nini.

"*Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun*," akasema. Herufi zilikuwa zimelainika kinywani mwake, zikapinda Kichina, lakini zilikuwa zilezile. "Jina lake nani?"

Nikamtajia. Alijaribu kulitamka, akakosea, nikamsahihisha, akakosea vingine. Kisha akainua mikono yake safi, akamwombea dua mwanamke ambaye hakuweza kulitamka jina lake, katika mji wa watawa, mbele ya nusu ya ng'ombe. Nami niliinua yangu. Nilipofungua macho niliona kwamba bibi naye ameinua mikono, viganja juu, chupa ya siagi ikimning'inia kwenye kifundo cha mkono, na anamchungulia mchinjaji ili ajue ashushe lini.

"Amina," alisema mchinjaji.

"Amina," nilisema.

Bibi alishusha mikono. "Sasa umeshasali, moyo ni laini," akamwambia. "Nipunguzie mbavu."

Wakaanza kubishana bei, na nikaona kwamba wananisahau, si kwa ubaya, bali kwa sababu soko lilikuwa wazi na mchana ulikuwa unakwenda. Niliwashukuru. Nilirudi nyumba ya wageni peke yangu, nikipita maduka ya mazulia na ya taa za shaba. Nilikuwa nimedhani kwamba maneno yale yakisemwa yatafungua kitu. Hayakufungua. Kinywa kimoja kilisema mara moja, nami nikaitikia mara moja, na kazi ile, kama nilivyoiona kwa mama, ni ya vinywa vingi na siku nzima. Nilikuwa nimeonjeshwa tu kile ambacho Garissa walikuwa wakikila kwa sahani.

Mtu wa Shinyanga nilimkuta ameketi uani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Ulipotelea wapi? Tulikutafuta hadi kwenye vyoo vya watawa."

"Sokoni."

"Kichwa bado?"

"Bado."

"Pole, dada. Pole sana."

"Amina," nilimjibu. Alinitazama kidogo, akaona pengine ndivyo tunavyojibu sisi watu wa kaskazini, akaendelea kukanda miguu yake.

Nilirudi Garissa mwaka uliofuata, baada ya mvua kubwa iliyoufanya mto Tana kuacha kingo zake na kuingia mitaani. Watu walinisalimu kwa furaha. Walinisifu nimenenepa, walitaka kujua kama kweli Wachina hula nyoka. Wa kunipa mkono wa tanzia hakuwepo, na sikumlaumu mtu. Kwao mama alikuwa amekwisha kuliliwa, mikeka imekunjwa zamani, na hakuna anayemwendea mfiwa baada ya mwaka. Nilikuwa nimekuja na msiba mpya mahali ambapo ulikwisha chakaa.

Mdogo wake mama, ambaye sasa alikaa katika nyumba ile, peke yake ndiye aliyeuliza. Alikuwa akinimiminia chai ya maziwa ya ngamia.

"Huko ulikokuwa, *hooyo*, nani alikupa mkono wa tanzia?" Kwetu mama humwita mtoto kwa neno lilelile ambalo mtoto humwitia mama, na yeye alikuwa amerithi haki hiyo.

"Mchinjaji mmoja."

"Mwislamu?"

"Mwislamu."

"Peke yake?"

"Na bibi mmoja. Yeye hakuwa."

"Aliinua mikono?"

"Aliinua. Ila kwanza alinizungusha nyumba yao ya ibada, kwa upande wao."

"Astaghfirullah." Akakoroga chai kwa muda. "Na wewe ulikuwa unazunguka upande gani?"

"Wetu."

"Kati ya watu wote wale?"

"Kati ya watu wote wale."

Alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona mdomo wake ukipinda vile wa mama ulivyokuwa ukipinda kabla ya kicheko. Lakini hakucheka. "Basi waliokupa mkono walikuwa wawili," akasema, na akanipa kikombe. "Kunywa. Kisha nitilie maji kwenye pipa, mwenye punda amekuja."

Nilikwenda uani. Pipa lilikuwa palepale chini ya mwarobaini, limeinama kidogo. Mto ulikuwa umeingia hadi hapo na kuacha udongo mwekundu, laini, uliofunika uwanja wote, na ile njia ya duara haikuwepo. Aliyebaki katika nyumba ile hakuwa na sababu ya kuitengeneza upya. Alichota maji akitokea jikoni na kurudi jikoni, njia moja iliyonyooka. Nilimimina debe la kwanza. Kisha, kabla ya kwenda kulijaza la pili, nililizunguka pipa mara moja, likiwa kushoto kwangu, nikarudi nilipoanzia na kuzikuta nyayo zangu peke yake.